Unaogopa kupanda daladala peke yako? Anza hivi, kituo kimoja kimoja

Mi nilikuja Dar kutoka Njombe nikiwa na miaka 22. Kule kwetu nilikuwa natembea kwa miguu karibu kila mahali, na basi tulikuwa tunapanda la mkoani tu, unakaa siti yako yenye namba unasinzia mpaka unafika. Dada yangu anakaa Tegeta, kazi nikapata Kijitonyama karibu na kituo cha Sayansi, basi wiki tatu za mwanzo akawa ananisindikiza kila siku. Wiki ya nne akaniambia kesho unaenda mwenyewe mdogo wangu, mi nimeshachoka kuchelewa kazini. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikafika kituoni nikaacha gari sita zipite, viganja vimelowa, moyo unagonga mpaka nausikia masikioni, mwisho nikapiga simu kazini nikasema naumwa tumbo, na kweli tumbo lilikuwa linasokota, nikarudi nyumbani nikalia.

Saivi napanda daladala kila siku, nimebadilisha ruti mara tatu, na nimeshawafundisha watu wanne (wawili wadogo zangu, mmoja mama jirani aliyekuwa anaendeshwa na mumewe miaka yote, mwingine kijana wa chuo) kwahiyo haya ninayoandika nimeyaona yakifanya kazi. Ni ya Dar kwasababu ndo ninayoijua, ila ukiwa Mwanza au Mombasa utabadilisha majina ya vituo tu, woga ni uleule.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaanza: usisubiri woga uishe ndo upande gari. Ukiwa nyumbani hauishi, tena unanenepa. Unapanda nao, unakaa nao siti moja, afu ukiwa humohumo ndani ndo unaanza kupungua.

HATUA YA 1: Jua unaogopa nini hasa

"Naogopa daladala" ni maneno mapana sana. Chukua karatasi, andika. Kuna anayeogopa kupotea. Kuna anayeogopa kupitilizwa kituo. Kuna anayeogopa konda kumfokea mbele ya watu. Kuna anayeogopa kubanwa na kukosa hewa, kuna aliyewahi kuibiwa simu, kuna aliyewahi kushikwashikwa na hataki irudie, na kuna anayeogopa mwili wake mwenyewe, yaani moyo utaenda mbio atazimia humo ndani watu wamshangae.

Kila kimoja kina dawa yake. Anayeogopa kupotea anahitaji kuijua ruti, anayeogopa kubanwa anahitaji kuchagua saa na siti, ukichanganya vyote kwenye fungu moja unabaki na mlima usioujua unaanzia wapi. Mi nilipoandika nikashangaa, maana kupotea kulikuwa namba nne huko. Namba moja ilikuwa kupaza sauti kusema "shusha" watu wageuke kuniangalia. Hicho tu. Nitakirudia mbele maana naamini tuko wengi.

Mbele ya kila woga weka namba 0 mpaka 10, sifuri hamna shida kabisa, kumi huwezi hata kulifikiria.

HATUA YA 2: Elewa mwili unachofanya

Moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kusokota, miguu kulegea, hiyo ni homoni ya adrenalini, mwili umedhani kuna hatari unajiandaa kukimbia au kupigana. Ndo mwili huohuo ungekusaidia ungekutana na nyoka shambani, tatizo ni kwamba umekosea mahali. Ganzi ya vidole na kizunguzungu mara nyingi ni kwasababu unahema harakaharaka juujuu mpaka hewa ya kaboni dayoksaidi mwilini inapungua kupita kiasi, ndo unahisi kama hewa imeisha ndani ya gari wakati we mwenyewe unahema kupita mahitaji.

Na wimbi lile la hofu kali likija huwa linapanda kwa dakika chache, linafika juu, afu linashuka lenyewe. Linashuka hata usipofanya kitu. Ukishuka kwenye gari katikati ya wimbi utapata nafuu hapohapo, na akili itajifunza kwamba "nimepona kwasababu nimeshuka", kesho itakuwa ngumu zaidi. Ukibaki mpaka lishuke, akili inajifunza kitu kingine.

Ila kama una presha, pumu, ugonjwa wa moyo au ulishawahi kuzimia kweli, pita kwanza hospitali upimwe, usiseme tu ni woga.

HATUA YA 3: Jifunze ruti ukiwa chini

Gari limeandikwa kwenye kipaji linakotoka na linakoenda, na ubavuni kuna mstari wa rangi ya ruti yake. Usisome jina la upande mmoja, soma yote mawili. Afu angalia gari linaelekea wapi, maana lenye maandishi hayohayo linapita upande wa pili wa barabara likirudi.

Majina ndo yanawachanganya wageni wengi kwahiyo hapa nitulie kidogo. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro na ndo kwenye stendi ya mabasi ya mikoani ya Magufuli, ni pande mbili tofauti za mji, ukisema tu "naenda Mbezi" unaweza kupelekwa kusikokuhusu. Mtongani kuna ya Kunduchi na kuna ya Mtoni njia ya Mbagala. Stendi ya Simu 2000 na stendi ya Mawasiliano ni mahali pamoja, majina mawili. Na watu bado wanasema "Ubungo stendi" wakati mabasi ya mikoani yalishahama pale. Basi ukielekezwa na mtu muulize majina mawili, kituo na barabara iliyopo.

Kariri vituo viwili kabla ya kituo chako. Hii ni siri kubwa kuliko kukijua kituo chenyewe. Kwa mfano mi nashuka Sayansi nikitokea Tegeta, nilikuwa najua nikiona Mwenge nikae sawa, nikisikia Bamaga niweke simu ndani na nishike mkoba, Sayansi ndo hiyo. Ukikijua kituo chako peke yake, unashtukia ndo hicho kinapita dirishani.

Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa umbali. Muulize mtu wa eneo lenu anayepanda ruti hiyo kila siku, usijifunze bei mbele ya konda.

HATUA YA 4: Chagua saa nyepesi

Usianze saa 12 asubuhi wala saa 11 jioni. Hata waliozaliwa Dar wanaogopa Mbagala ya saa 11 jioni. Anza kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, au Jumapili asubuhi ndo nzuri kuliko zote, siti zipo, konda ametulia, dereva hakimbizani na mtu. Mwanangu, kujifunzia kwenye msongamano ni kama kujifunzia kuogelea bahari ikichafuka.

HATUA YA 5: Tengeneza ngazi

Kuna daktari mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliyefanya majaribio na paka pale Johannesburg. Paka walishatishwa ndani ya kizimba mpaka wakawa hawali wakiwa humo wala karibu na hapo. Akaanza kuwalisha mbali, kwenye chumba kisichofanana na kile, wakala. Kesho yake akasogea kidogo, wakala. Akasogea tena, mpaka wakala ndani ya kizimba chenyewe. Baadae miaka ya 1950 akatumia njia hiyo kwa watu wenye hofu, na mpaka leo wataalamu wanaofundisha watu kuzoea wanachokiogopa hatua kwa hatua wanafuata wazo hilohilo. Naipenda habari hii kwasababu ni mwendo wa kusogea kidogokidogo.

Ngazi yangu ilikuwa hivi, we tengeneza yako:

Siku ya kwanza na ya pili nilienda kituoni na sikupanda kitu. Nikakaa nusu saa nikaangalia watu wanavyopanda, wanavyolipa, wanavyoita kushuka. Ukikaa pale bila presha ya kuondoka unaona mengi, unaona kwamba hamna anayemwangalia mwenzie, kila mtu anawaza siti.

Afu nikapanda na dada, ila yeye marufuku kuongea. Mi ndo nilipe, mi ndo niite shusha. Afu tukapanda gari moja, yeye kakaa siti ya nyuma kabisa mi mbele kama hatujuani. Afu nikapanda peke yangu vituo viwili tu, yeye ananisubiri ninaposhukia. Afu vituo viwili kwenda na kurudi bila mtu. Afu ruti nzima saa nne asubuhi. Afu ruti ya kubadilisha gari. Mwisho kabisa ndo saa za kazi.

Sheria ya ngazi ni moja, usipande juu mpaka namba ya uliposimama imeshuka mpaka 3 au 4. Ikiwa bado 7 rudia palepale kesho, na kesho kutwa. Vituo viwili mi nilirudia siku tano. Mama jirani alirudia wiki mbili na hamna aliyemhesabia, saivi anaenda Kariakoo sokoni anarudi na mizigo.

Ukitaka ngazi ya katikati iliyo laini, jaribu mwendokasi, yale mabasi makubwa yenye njia yake peke yake, saa za mchana. Ile iliyoanza 2016 ya Kimara mpaka Kivukoni, majina ya vituo yameandikwa, gari linasimama kituo kwa kituo (isipokuwa lile la ekspresi, uliza kabla hujaingia) kwahiyo hulazimiki kupaza sauti kushuka. Tiketi unalipia kabla ya kuingia, hamna kudaiwa njiani. Ila asubuhi Kimara usijaribu ukiwa bado unajifunza kupanda, na mvua ikinyesha sana sikiliza kwanza hali ya Jangwani maana maji yakijaa pale barabara huwa inafungwa.

HATUA YA 6: Andaa pesa na mkoba tangu nyumbani

Nauli iweke mfukoni peke yake, iwe kamili au chenchi ndogondogo. Elfu kumi asubuhi kwa konda ni ugomvi unaotafuta mwenyewe, atakwambia "subiri chenchi" na we utasafiri njia nzima unawaza chenchi badala ya kuangalia vituo. Pesa nyingine ya akiba iweke mahali pengine kabisa, itoshe bodaboda ya kukurudisha nyumbani. Namba za simu mbili tatu andika kwenye karatasi, simu inaweza kuzima chaji.

Mkoba uje mbele tumboni. Simu izame ndani ya mkoba KABLA hujafika mlangoni, kwasababu vibaka wanafanya kazi pale mlangoni kwenye kusukumana, ukishakaa siti hatari inapungua. Usikae dirishani na simu mkononi gari likiwa foleni.

Spika za masikioni acha. Najua zinakupa raha, unajifungia na muziki, ila hutamsikia konda akitaja kituo na ndo mwanzo wa kupitilizwa.

HATUA YA 7: Ndani ya gari, na neno "shusha"

Siku za mwanzo kaa karibu na mlango au upande wa kushoto dirishani, vituo viko kushoto utaviona vikija. Usikimbilie siti ya nyuma kabisa, kutoka kule gari likijaa ni kazi. Ukikosa siti shika bomba la juu, simama ubavu wa siti, na ukiambiwa "sogea nyuma dada, nyuma kuna nafasi" sogea kidogo inatosha, usisogezwe mpaka mwisho kama unashuka karibu.

Konda akitikisa sarafu mkononi au akisema "nauli jamani, huku nyuma nauli" anamwambia kila mtu, hajakulenga wewe. Ukimpa ndo wakati wa kumwambia, na uongee kawaida tu: "Konda, mi nashuka Sayansi, sipajui vizuri, tukifika niambie." Kwa miaka hii yote waliowahi kunijibu vibaya ni wachache mno. Wengi wanasema "poa dada" na wanakumbuka. Konda anaongea kwa ukali kwasababu anapigania sauti yake isikike juu ya injini na honi, ukishalijua hilo ukali wake hauchomi tena.

Sasa shusha. Karibu na kituo konda anauliza, "Bamaga wapoo?" Kama kuna wa kushuka anajibu "wapo!" au "shusha!", kimya kikipita konda anagonga bodi, "twende", gari halisimami. Siku yangu ya kwanza peke yangu kabisa, konda akauliza "Sayansi wapoo?" nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nakumbuka mpaka leo, nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kile chuma chake kimechubuka rangi, vidole vyangu vimekuwa vyeupe kwa kukaza, na kituo changu kinapita dirishani, yule muuza machungwa niliyekuwa namuona kila siku nikiwa na dada anapita, na mi sijasema kitu. Nikashuka Makumbusho pamoja na watu wengine nikarudi kwa miguu. Nilichelewa dakika ishirini. Hamna kingine kilichotokea.

Kutoka siku ile nilifanya vitu vitatu.

Kwanza, nilifanya mazoezi ya sauti nyumbani. Nilisimama uani nikasema "shusha!" kwa sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa ua. Si sauti ya kupiga kelele, sauti ya kuita. Mara ishirini. Dada akadhani nimechanganyikiwa, nikamweleza akanielewa akawa ananiuliza "Sayansi wapoo?" mi najibu. Mdomo una mazoea, ukishalizoea neno linatoka hata moyo ukiwa unagonga.

Pili, niliacha kusubiri swali. Gari likishaondoka kituo cha kabla, nasimama, nasogea mlangoni, namwambia konda kwa sauti ya kawaida "Sayansi hapo". Ukiwa hatua mbili kutoka kwake huhitaji kupaza sauti.

Tatu, nilianza kuongea na wa pembeni. Ukikaa tu, "Shikamoo mama, samahani, Sayansi ni baada ya Bamaga eti?" Hata kama unajua, uliza. Umeshatumia sauti yako mara moja, koo limefunguka, na pia yule mama sasa anajua unashuka wapi. Mara ngapi nimeona abiria wanamsaidia mtu, konda keshagonga bodi na mama wa siti ya nyuma anapaza sauti "wapo weee, kuna binti huku hajashuka!" gari linasimama. Watu wa daladala wanaonekana wamenuna ila mtu akikwama hawamwachi.

HATUA YA 8: Wimbi likikukuta katikati ya safari

Usipigane nalo. Sema kimoyomoyo, hili ni wimbi, litapanda litashuka. Miguu yote miwili iweke chini uhisi bodi la gari linavyotetemeka. Vuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu mpaka 4, toa kwa mdomo ukihesabu mpaka 6 au 7, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Rudia kama mara kumi. Usivute hewa nyingi kwa nguvu, utazidisha kizunguzungu.

Afu toa macho nje, taja kimoyomoyo unavyoviona: duka la dawa, bango, bajaji ya njano, mtu wa mahindi, sheli. Akili ikiwa na kazi ya kuhesabu vitu vya nje inapunguza kuusikiliza moyo. Omba dirisha lifunguliwe, sema tu "kaka samahani naomba ufungue kidogo", hamna anayekataa kwa joto hili la Dar.

Wa kusali asali. Mi nasali.

Jipe ahadi ya vituo viwili. Badala ya kushuka sasa hivi, "nitavuka vituo viwili vingine ndo niamue". Mara nyingi ukivivuka huhitaji tena kuamua. Na ikitokea umeshuka kweli umeshindwa, kaa kituoni palepale mpaka utulie, afu panda gari linalofuata hata kwa kituo kimoja. Usirudi nyumbani kwa bodaboda na huo woga ukiwa ndo kitu cha mwisho unachokumbuka.

Kumpigia mtu simu njia nzima kunasaidia siku mbili tatu za mwanzo, baada ya hapo punguza. Mtume ujumbe ukipanda na ukishuka inatosha, la sivyo utakuwa umemhamisha msindikizaji tu kutoka siti ya pembeni kwenda kwenye simu.

HATUA YA 9: Yale unayoyaogopa yakitokea kweli

Ukipitilizwa: shuka kituo kinachofuata chenye watu, vuka barabara kwa uangalifu, panda la kurudi au tembea. Ndo hivyo tu.

Ukipotea: usianze kuzunguka. Uliza mtu aliyekaa sehemu moja siku zote, mama ntilie, wakala wa pesa wa kwenye kibanda, muuza duka. Hao wanaijua njia na hawana haraka. Usiulize anayekufuata yeye mwenyewe kukusaidia.

Gari likikata ruti, yaani dereva ameamua hafiki mwisho: hii inawakera hata wenyeji na inawatisha wageni vibaya, maana mnashushwa mahali ambapo hukupanga. Usishuke kimya. Konda anatakiwa awafaulishe gari lingine kwa nauli ileile uliyolipa au akurudishie, baki na wenzako mnaoenda njia moja mdai pamoja, mtu mmoja anapuuzwa ila watu kumi hawapuuzwi.

Ukishikwashikwa, dada yangu nisikilize. Usinyamaze ukidhani labda ni msongamano, mwili wako unajua tofauti. Sema kwa sauti ileile uliyoizoeza uani: "Kaka toa mkono wako!" Hulazimiki kueleza zaidi. Sogea walipo wanawake, mwambie konda, na ukishuka shuka kwenye watu wengi. Ikiwa ni kubwa polisi namba ni 112, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Lililotokea halikutokana na nguo yako wala na wewe kusafiri peke yako, na nimekasirika hata kuandika haya kwasababu wasichana wangapi wameacha chuo au kazi kwa ajili ya mikono ya watu wasio na aibu.

HATUA YA 10: Saa za kazi

Hii ni ngazi ya mwisho usiikimbilie. Fika kituoni mapema kuliko unavyohitaji, nusu saa ya asubuhi inabadilisha kila kitu. Kama unakaa karibu na mwisho wa ruti tumia ule mtindo wa kugeuza, unapanda gari linaloenda mwisho, linageuka na we uko ndani umeshakaa siti, unalipa nauli ya ziada kidogo ila huingii kwenye vita ya mlangoni. Kwa mwenye woga wa kubanwa hiyo hela ni dawa. Jioni kama kituo kimefurika, acha gari mbili tatu, hamna aliyekupa mtihani. Tofauti ya kuacha gari kwasababu limejaa na kuacha gari kwasababu unaogopa unaijua mwenyewe moyoni, kuwa mkweli.

Wa kumwona mtaalamu

Ikiwa umejaribu ngazi wiki kadhaa na namba hazishuki, au woga umesambaa mpaka sokoni, kanisani, msikitini, foleni ya benki, au umeacha kutoka nyumbani kabisa, huo ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Daktari wa Kijerumani Carl Westphal aliuandika mwaka 1871, kwahiyo sio mambo ya leo wala sio kurogwa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kliniki ya afya ya akili, Dar Muhimbili ipo. Na kama woga ulianza baada ya ajali au kuvamiwa, nenda mapema, usijilazimishe ngazi peke yako.

Na wewe unayemsindikiza mtu kama dada yangu alivyonisindikiza: usimcheke, usimwambie "hamna cha kuogopa". Muulize leo ni namba ngapi. Afu siku uliyoahidi kukaa siti ya nyuma, kaa nyuma kweli, hata ukimuona anahangaika na nauli usimlipie.

Ukipumzika muda mrefu, umeumwa, umejifungua, umesafiri mkoani mwezi mzima, ukirudi woga unaweza kurudi nao. Mi ulinirudia nilipotoka likizo ya uzazi. Nilishuka ngazi moja, nikapanda Jumapili asubuhi vituo viwili mtoto nimemwacha kwa dada, Jumatatu nikaenda mpaka Mwenge, Jumatano nikasikia konda anauliza "Sayansi wapoo?" nikajibu "wapo".